Mtoto Akinyamaza Tusiseme ni Kiburi

Ndugu wanachama,

Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za mishahara, likizo, nyumba za wafanya kazi, na ubishi wetu na wakubwa wa kazi. Habari hizo ni za haki na hazina budi kuendelea. Lakini leo naomba nafasi niseme juu ya jambo lisiloandikwa katika mkataba wowote wa kazi, nalo liko mbele ya macho yetu kila asubuhi tuingiapo kazini hapa Ifo. Jambo lenyewe ni afya ya akili ya watoto wetu, wadogo na wale walioanza kubaleghe, pamoja na magomvi ya nyumbani yanayowala kidogo kidogo kama mchwa alavyo nguzo.

Hapana shaka yuko atakayeuliza: Hayo yahusu nini chama cha wafanya kazi? Namjibu hivi. Kwanza, wengi wetu kazi yetu ni kati ya watoto hao. Sisi ndio walimu, wauguzi, walinzi wa lango, wapishi wa shule, madereva, na watu wa pampu za maji. Pili, sisi wenyewe ni wazazi. Wengine watoto wao wako papa hapa katika bloku, na wengine wamewaacha Garissa, Kitui au Kisumu, nao huwaona siku chache tu baada ya majuma mengi. Tatu, wale wanaopewa kazi ya kuwasikiliza watoto wenye huzuni ni wafanya kazi wenzetu, na malipo yao ni aibu. Basi jambo hili ni letu, tena ni letu mara tatu.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana si vema kuwafundisha wenzako hali umeficha la kwako.

Mimi ni mwalimu. Darasani mwangu palikuwa na kijana wa miaka 15 aliyekuwa akisinzia kila siku. Nikimwuliza swali, hanijibu. Nikimwita mbele, anasimama kama mti. Nilisema moyoni mwangu kwamba huyu ni mwenye kiburi, na siku moja nilimpigisha magoti juani mbele ya wenzake mpaka kengele ya mapumziko. Hakulia wala hakuomba radhi. Kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja. Juma lilipopita nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha, akanipa chai, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mtoto huyu halali usiku. Hukaa hapo mlangoni mpaka alfajiri, ili baba yake akirudi na hasira asinifikie mimi."

Ndugu zangu, nyote mwajua kazi ya mlinzi wa usiku. Akimaliza zamu yake asubuhi twamwacha alale, wala hakuna anayemwita mvivu. Mimi nilikuwa namwadhibu mlinzi wa zamu kwa sababu ya kusinzia baada ya zamu yake.

Baba yake naye nilimtafuta. Sikumkuta shetani, nilimkuta mtu aliyechoka. Zamani alikuwa akipata kibarua cha kupakua magunia. Chakula kilipopungua kambini na vibarua vikapungua, siku zake zikawa za kukaa chini ya mti na kutafuna miraa ya mkopo, na deni lile likalipwa kwa chakula cha nyumbani. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Aliniambia neno moja ambalo sijalisahau: "Mwalimu, mtu asiye na kazi hana sauti nyumbani mwake ila ya kupiga." Nilimjibu kuwa hiyo si sauti. Lakini nilielewa alikotoka.

Sasa tutazame mambo haya yanatoka wapi, kwa maana ugonjwa hautibiwi kwa kutukanwa mgonjwa.

Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, Somalia ilipoanguka vitani, na Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Kambi zote tatu zilipangwa kwa watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa ukame na njaa, zilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Mtoto aliyezaliwa humu mwaka ule wa kwanza amekwisha pita miaka 30, na huenda sasa ni baba au mama wa watoto ambao nao wamezaliwa humu humu. Vizazi vimepita katika mahali palipoitwa pa muda.

Na mahali pa muda pana ugonjwa wake. Wenyeji wa kambi wana neno la Kisomali, buufis, na hata sisi tusiosema Kisomali twalijua. Ni ile tamaa kubwa ya kupelekwa nchi za mbali, inayomjaa mtu mpaka hana nafasi ya kitu kingine. Mwenye buufis yuko hapa kwa mwili tu. Mama akiwa nayo hamwoni mtoto aliye mbele yake. Kijana akiwa nayo haoni faida ya kitabu. Na ndege ikikosekana, nyumba nzima huwa kama imefiwa. Mwezi wa Januari 2017 serikali ya Marekani iliwafungia mlango watu wa Somalia, na mwezi wa Januari 2025 ikasimamisha kuwapokea wakimbizi. Nyuma ya amri za namna hiyo kuna watu waliokuwa wameuza vyombo vyao na kuwaaga majirani. Na watoto walikuwa wameaga darasani.

Pamoja na hayo, kuna kutojua kesho. Mwezi wa Mei 2016 serikali yetu ilitangaza kufunga kambi. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema tangazo lile ni kinyume cha Katiba. Machi 2021 likaja tangazo jingine. Kisha Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaotaka wakimbizi na wenyeji waishi pamoja na kutumia huduma zile zile. Mtu mzima huyasikia haya na kusema, tutaona. Mtoto huyasikia usiku wazazi wakinong'ona, na hana wa kumwuliza kama kesho atakuwa na shule.

Tena kuna tumbo. Mwaka 2025 fedha za misaada zilikatwa sana, na mgao wa chakula ukapungua kuliko tulivyozoea. Chakula kikipungua, magomvi huongezeka. Ugomvi wa unga si wa unga tu, ni ugomvi wa nani ale kwanza, nani alaumiwe, na nani aende kwa jirani kukopa. Mara nyingi anayetumwa kukopa ni mtoto, kwa kuwa mtoto haoni haya. Si kweli. Mtoto huona haya, ila hana ruhusa ya kukataa.

Wala tusidhani ni wakimbizi peke yao. Wenyeji wa mkoa huu nao wana majeraha yao tangu siku za hali ya hatari baada ya uhuru, na mauaji ya Wagalla ya mwaka 1984, na shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148. Pia kuna vijana wa Kenya ambao wazazi wao, katika miaka ya ukame, waliwaandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate chakula. Alama za vidole zikabaki katika daftari la wakimbizi. Kijana alipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, aliambiwa yeye si Mkenya. Maelfu walipatwa na hayo. Nimemsikia kijana wa namna hiyo akimwambia baba yake mbele ya watu, "Uliniuza kwa unga." Na mzee hakuwa na jibu, kwa sababu alichofanya siku ile ni kumwokoa mtoto asife. Wote wawili wana haki, na wote wawili wanaumia, na hawasemi tena ndani ya nyumba moja.

Ndugu wanachama, Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba ulimwenguni kote, katika vijana saba wa miaka 10 mpaka 19, mmoja ana shida ya afya ya akili. Na katika watu wa nchi zilizopigwa na vita, mmoja katika watano. Hizo si hesabu za wenda wazimu wa kuokota takataka sokoni. Ni hesabu za watoto wanaokwenda shule, wanaochota maji, wanaotusalimu vizuri njiani. Ukisimama mbele ya darasa la watoto 70, fanya hesabu mwenyewe.

Lakini sisi twafanya nini? Mara nyingi twafanya mambo matatu, na yote matatu ni mabaya.

La kwanza ni fimbo. Fimbo ilikatazwa katika shule za Kenya tangu mwaka 2001, lakini bado ingali nyuma ya mlango, na nyumbani haijasikia habari ya kukatazwa. Fimbo humnyamazisha mtoto, nasi tukaona amepona kumbe amefunga mlango kwa ndani.

La pili ni kuficha. Twasema ni jini, au ni jicho, kisha twamfungia mtoto ndani ili majirani wasijue. Sipingani na dini. Mtoto akisomewa Kurani na mtu mwema, akashikwa kichwa kwa huruma, moyo wake hutulia, na huo ni msaada wa kweli. Ninalopinga ni kumfunga kamba au mnyororo, na kumzuia asiende hospitali. Dua na zahanati hazigombani, sisi ndio twazigombanisha.

La tatu ni kutumia baraza la wazee pasipo pake. Maslaha ni desturi nzuri katika mkoa huu. Nimeona wazee wakiketi chini ya mti kutwa nzima na kuwapatanisha mume na mke ambao polisi wangewaharibu kabisa. Magomvi ya fedha, ya wakwe, ya mgao, ya heshima, yapelekwe huko. Lakini msichana aliyeharibiwa, au mtoto aliyepigwa mpaka kuvunjika, habari yake haimalizwi kwa ngamia na mikono ya amani baina ya wanaume. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 ipo, hospitali ipo, na polisi wapo. Wazee wakilipana, msichana habaki na kitu ila kumwona yule mtu kila siku kisimani. Hapo ndipo akili yake huanza kuvunjika, na sisi twamwita mkaidi.

Basi tufanyeje? Mimi si daktari. Madaktari wa akili katika nchi hii ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yetu sisi tulio karibu. Nayaeleza haya kwa kifupi ili kila mwanachama aweze kuyabandika ukutani.

1. Uliza kabla ya kuadhibu. Usimwulize mtoto, "Una nini wewe?" kwa sauti ya polisi. Mwulize kando, mkiwa mmeketi: "Umelalaje? Umekula nini? Nyumbani wote wazima?" Kisha nyamaza. Akikaa kimya, mwambie utakuja tena kesho, na uje.

2. Zijue dalili. Mtoto akibadilika majuma mawili au zaidi, halali au analala mno, hali, hachezi, ameacha marafiki, mdogo ameanza tena kukojoa kitandani, mkubwa amekuwa mwenye hasira kwa jambo dogo, huyo anaomba msaada kwa lugha aliyo nayo.

3. Akitaja kufa, usimcheke wala usimkemee. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, bali humpunguzia mzigo. Usimwache peke yake, na umpeleke hospitali siku ile ile. Zamani wazazi waliogopa, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Sheria ya Jinai kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kufungwa jela. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo mtoto wa namna hiyo ni mgonjwa, si mhalifu. Tena iko simu ya watoto, namba 116, isiyo na malipo, usiku na mchana.

4. Wazazi wagombane wasipogombanisha. Ugomvi hauna budi kutokea katika nyumba ya watu hai. Lakini mtoto asifanywe tarishi wa kupeleka maneno, wala shahidi wa kuulizwa nani mkosaji, wala ukuta wa kukinga makofi. Na mkisha kugombana, mmoja wenu amwambie: "Kosa hili si lako." Watoto wengi hudhani wao ndio sababu.

5. Wewe uliye mbali na nyumba yako, piga simu siku maalum kila juma, na uzungumze na mtoto mwenyewe, si juu ya alama za mtihani tu. Na ukirudi likizo, usiugeuze usiku wa kwanza kuwa mahakama, ukisikiliza mashtaka yote ya majuma manane na kutoa hukumu. Kaa, kula nao, watazame. Hukumu ina siku yake.

Hayo ni yetu nyumbani na kazini. Lakini chama nacho kina lake, maana mambo haya hayatengenezwi kwa huruma peke yake.

Katika kambi hii washauri wa watoto wengi ni wakimbizi wenyewe, wanaofanya kazi kwa kile kiitwacho insentivu. Kijana huyo husikiliza habari za kifo na za aibu kutwa nzima, kwa lugha ya watoto wenyewe, jambo ambalo mtaalam wa kutoka mbali hawezi bila mkalimani. Jioni hurudi katika bloku ile ile, kwenye mgao ule ule uliopunguzwa. Malipo yake ni sehemu ndogo sana ya mshahara wa Mkenya aliye meza ya pili. Wasema si mshahara, ni kitia moyo. Mimi nasema moyo hautiwi kwa kitia moyo ambacho hakinunui viatu vya mtoto. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 yasema mkimbizi aweza kufanya kazi. Kama ni kazi, basi iwe na mshahara wa kazi.

Kwa hiyo naomba tawi letu lipeleke mambo manne mbele ya waajiri. Kwanza, kazi sawa ilipwe sawa, na kama haiwezekani mara moja, upangwe mwendo wa kuifikia, wenye tarehe. Pili, fedha zikipungua, kazi ya kuwalinda na kuwasikiliza watoto isiwe ya kwanza kukatwa eti haionekani kama kisima au ghala. Tatu, kila mfanya kazi anayekutana na watoto, hata mlinzi wa lango na dereva, apewe mafunzo ya huduma ya kwanza ya akili, kama tunavyofunzwa kufunga jeraha. Nne, hao wanaowasikiliza wengine nao wapewe mtu wa kuwasikiliza, na likizo isiyokatwa. Ndoo ya kisimani nayo huchakaa.

Najua wako wanachama watakaosema, huyu mwalimu amesahau njaa, anatuletea habari za moyo. Sikusahau. Yule baba niliyemtaja, dawa yake ya kwanza ni kazi, na sitamdanganya mtu kwamba ushauri hujaza sufuria. Lakini njaa ile ile iliingia katika nyumba nyingi, wala si zote zilizoweka mtoto mlangoni usiku. Palipokuwa na jirani wa kuingilia kati mapema, au mzee wa busara, au mwalimu aliyeuliza badala ya kuadhibu, mzigo ule ule ulibebwa na watu wengi. Nasi katika chama twaijua kanuni hiyo kuliko wote. Ndiyo iliyotukusanya.

Mtaniuliza, je, kijana yule? Alirudi shuleni. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile nililomwaibisha mbele yake, na nawaambieni haikuwa rahisi. Mjomba wake alikuja kulala katika nyumba yao kwa miezi kadhaa, kwa shauri la wazee, na baba akakubali. Sisemi nyumba ile imepona. Miraa ingalipo na kazi haijapatikana. Kijana bado ni mtu wa maneno machache. Lakini sasa hulala usiku, na mchana hukaa macho, na juzi aliinua mkono akajibu swali. Jibu lenyewe lilikuwa kosa. Nilimwambia, ahsante, jaribu tena.

Ndimi mwenzenu katika umoja,
Mwalimu, Ifo.